Kwa Nini Mtoto wa Mbwa Hufakamia Chakula, na Jinsi ya Kumfundisha Kula Taratibu Mapema

Mwekee mtoto wa mbwa wa wiki 8 chakula chake kwenye bakuli, kisha washa saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu. Huenda usipate hata muda wa kuvuta kiti. Kichwa kinazama, koo linafanya kazi kama pampu, na ghafla bakuli linasukumwa sakafuni likiwa limelambwa hadi kung'aa. Halafu anakutazama kana kwamba hajala tangu juzi.

Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema, "Huyu ni mlafi." Wapo wanaofurahi: "Anakula vizuri, huyu atakuwa mbwa mkali." Ukweli ni kwamba kasi ile haituambii sana kuhusu ulafi wala afya. Inatuambia zaidi mtoto huyo amejifunza nini kuhusu chakula: kwamba ni kitu kinachoisha, na kwamba kuna mwingine anayekitaka.

Kama ni somo alilojifunza, basi anaweza kufundishwa somo lingine. Na kadiri unavyoanza mapema ndivyo inavyokuwa rahisi. Huhitaji fimbo, huhitaji kumnyang'anya bakuli, na kwa kawaida huhitaji kununua chochote. Lakini kwanza tuelewe mdomo wenyewe unavyofanya kazi.

Mdomo wa kukata, si wa kusaga

Tafuna kipande cha mkate mkavu kwa dakika nzima bila kumeza. Utaanza kuhisi utamu kidogo. Hiyo ni kazi ya amilesi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate ya binadamu ambacho huanza kuvunja wanga kuwa sukari hapo hapo mdomoni. Magego yetu ni mapana na taya letu linaweza kwenda pembeni, kwa hiyo tunasaga chakula kama jiwe la kusagia. Kwetu sisi, kutafuna ni mwanzo wa kumeng'enya.

Kwa mbwa mambo ni tofauti. Mbwa mzima ana meno 42, na meno yake makubwa ya nyuma hupishana kama mkasi. Taya lake hufunguka na kufunga vizuri sana, lakini haliendi pembeni kwa kiasi cha kusaga. Mtoto wa mbwa ana meno 28 tu ya utotoni, na kati ya hayo hakuna magego ya nyuma kabisa; hayo huja baadaye. Mate ya mbwa kazi yake kubwa ni kulainisha tonge lipite kwenye umio bila kukwama. Wanga huja kushughulikiwa mbele zaidi, kwenye utumbo mdogo, kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho.

Mwaka 2013 timu ya Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa wa nyumbani na za mbwa mwitu wa kijivu. Jeni inayotengeneza amilesi ya kongosho ilikuwa na nakala 2 kwa mbwa mwitu, lakini kwa mbwa wa nyumbani ilikuwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Yaani maelfu ya miaka ya kula mabaki ya binadamu, nafaka zikiwemo, yamebadilisha mwili wa mbwa. Ndiyo maana mbwa wa kwetu anaweza kuishi na ugali. Ila mabadiliko hayo yalitokea kwenye kongosho. Mdomo ulibaki ule ule wa kukata na kumeza.

Hili ni muhimu kwa sababu linatuonyesha tunachoweza kudai na tusichoweza. Hatuwezi kumfundisha mbwa atafune mara 20 kama mtoto anavyoambiwa mezani. Tunachoweza kufundisha ni matonge madogo zaidi, mapumziko kati ya tonge na tonge, na utulivu wakati wa kula.

Kuhusu kumeza haraka, mababu zake walikuwa na sababu nzuri. Hapa ninamaanisha yule mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini, maana mbwa mwitu wetu mwenye mabaka ni ndugu wa mbali tu. Mbwa mwitu wa kijivu anaweza kupakia hadi karibu kilo 9 za nyama kwa mlo mmoja, kisha akakaa siku kadhaa bila kitu. Hata hapa Serengeti, mbwa mwitu wenye mabaka hushindana na fisi wanaokuja kupora mawindo. Ukizubaa, unakula mifupa. Nyama iliyoko tumboni ndiyo peke yake ambayo fisi hawezi kuichukua.

Somo la kwanza hufundishwa kwenye sinia

Sasa njoo nyumbani. Watoto wa mbwa huanza kuonja chakula laini wakiwa na wiki 3 au 4 huku wakiendelea kunyonya. Mwenye nyumba hufanya jambo la kawaida kabisa: anaweka sinia moja katikati, watoto 7 wanalivamia. Wengine wanaingia na miguu. Anayesimama kupumua anakuta nafasi yake imezibwa. Anayemeza bila kuangalia juu anashiba.

Kila aliyewahi kukaa kwenye sinia la pilau la shughuli anajua hesabu hii. Ukila kwa adabu sana, nyama inaondoka na wewe unabaki na viazi.

Kwa lugha ya elimu ya tabia, hapo kuna ujifunzaji wa aina rahisi kuliko zote: tendo linalolipa hurudiwa. Mtoto wa mbwa analipwa kwa kumeza haraka mara nne kwa siku, kwa wiki kadhaa, katika umri ambao ubongo wake unapokea masomo kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi juu ya tabia za mbwa huko Bar Harbor, Maine, nchini Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kipindi cha kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 12 kina uzito wa pekee katika kumjenga mbwa. Haina maana kwamba baada ya hapo mlango unafungwa. Mbwa mzima hujifunza pia, ila kazi inakuwa kubwa zaidi.

Kuna ushahidi wa moja kwa moja juu ya nguvu ya sinia. Mwaka 1949, Sherman Ross na Jean Ross walilinganisha watoto wa mbwa waliolishwa peke yao na walipolishwa pamoja. Walipokuwa pamoja, walikula zaidi. Kisha wakauliza swali la pili: je, mtoto aliyekula peke yake hadi akaacha mwenyewe, akikutanishwa na wenzake wanaokula, atafanya nini? Kumbe anaanza kula tena. Tumbo lilikuwa limeshasema "basi," lakini kumwona mwenzake kukamrudisha kwenye chakula.

Kwa hiyo ukimleta nyumbani mtoto wa mbwa mmoja, bakuli lake ni la mmoja lakini kichwani bado anashindana na sita. Na mara nyingi mazingira yetu yanamthibitishia hofu hiyo: kuku wanadonoa pembeni, mbwa mkubwa wa nyumbani anazunguka, watoto wanapita wakikimbizana. Kwa nini asifakamie?

Wapo ambao njaa yao ni ya kweli

Kabla ya kuanza mafunzo, tenga kwanza wale ambao tatizo lao si tabia.

Wa kwanza ni wenye minyoo. Mnyoo aitwaye Toxocara canis hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, na tena kupitia maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa akiwa nao tayari. Dalili zinazoonekana sana ni tumbo kubwa la duara, manyoya yasiyong'aa, na kutonenepa hata akila sana. Utaratibu wa kawaida ni kuanza dawa ya minyoo akiwa na wiki 2, na kurudia kila baada ya wiki 2 mpaka baada ya kuachishwa kunyonya. Kipimo cha dawa hufuata uzito, basi muulize daktari wa mifugo. Mnyoo huyu huwapata hata binadamu, hasa watoto wanaochezea udongo, kwa hiyo dawa hiyo inalinda familia nzima.

Wa pili ni wasiolishwa vya kutosha. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji nishati karibu mara 2 ya mbwa mzima kwa kila kilo ya uzito wake. Ugali mtupu unajaza tumbo lakini haujengi misuli. Anahitaji protini: dagaa, maharage yaliyoiva vizuri, mayai yaliyopikwa, nyama, au chakula kikavu cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Wa tatu ni wale waliozaliwa na breki dhaifu. Mwaka 2016, Eleanor Raffan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliripoti kwamba takribani Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro katika jeni iitwayo POMC: herufi 14 za DNA zimepotea. Jeni hiyo hushiriki kutengeneza ujumbe unaouambia ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha. Ujumbe ukipungua, mbwa hujiona ana njaa hata baada ya kula, na kwa wastani kila nakala ya kasoro hiyo iliambatana na uzito wa ziada wa kilo 2 hivi. Mbwa wa namna hii akifundishwa kula taratibu atafaidika, lakini njaa yake haitaondoka. Kwake, kupima chakula ni lazima.

Kwani kula haraka kuna ubaya gani?

Ubaya wa kwanza unaonekana papo hapo. Tonge kubwa linaweza kumkaba. Mfupa unaweza kumezwa mzima. Na mara nyingi chakula hurudi dakika chache baadaye kikiwa hakijabadilika, kwa sababu umio na tumbo vimejazwa ghafla pamoja na hewa nyingi aliyoimeza.

Ubaya wa pili huja ukubwani, na ndio unaowatia hofu madaktari wa mifugo. Tumbo la mbwa linaweza kujaa gesi likavimba, kisha likajizungusha kama mfuko uliokamatwa juu na chini ukasokotwa. Mlango wa kuingilia na wa kutokea vinafungwa kwa pamoja. Gesi haina pa kwenda, mishipa ya damu inabanwa, na ndani ya saa chache mbwa anaweza kufa. Dalili zake ni tumbo kuvimba na kuwa gumu, kuhangaika bila kulala, mate mengi, na kujaribu kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu. Tiba ni upasuaji wa haraka. Katika miji yetu mingi, kumpata daktari wa kufanya upasuaji huo saa 8 za usiku si jambo jepesi.

Mwaka 2000, Lawrence Glickman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Marekani, walitoa matokeo ya kufuatilia mbwa 1,637 wa aina kubwa na kubwa mno, wakiwemo Great Dane, Rottweiler na Saint Bernard. Mambo yaliyoambatana na hatari zaidi yalikuwa haya: umri kuongezeka, kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kupata tatizo hilo, kula haraka, na kulia kwenye bakuli lililoinuliwa.

Hilo la mwisho liliwashangaza wengi. Kabla ya hapo, wenye mbwa warefu walikuwa wakishauriwa kuinua bakuli kwenye kigoda, kwa imani kwamba mbwa atameza hewa kidogo. Ushauri ulionekana wa busara kabisa. Takwimu zikaonyesha kinyume.

Tuwe waangalifu hapa, maana ndipo makala nyingi za mbwa zinapoteleza. Utafiti wa Purdue ulifuatilia mbwa waliokuwa wakiishi kwa wenyewe. Haukuwagawa kwa kura, hawa wale haraka na hawa wale polepole. Unaonyesha kwamba kasi na hatari vinatembea pamoja. Hauthibitishi peke yake kwamba ukipunguza kasi hatari itashuka kwa kiasi fulani. Pia tatizo hili ni nadra sana kwa watoto wa mbwa. Tunachofanya ni kuchukua tahadhari ya bei nafuu: kumwondolea mapema jambo moja kati ya yale yanayoambatana na hatari, katika umri ambao ni rahisi kuliondoa. Kama unafuga German Shepherd, Rottweiler, Boerboel au chotara wao kwa ajili ya ulinzi wa geti, tahadhari hiyo inakuhusu zaidi, kwa sababu wana miili mikubwa na vifua vyenye kina.

Mkono kwenye bakuli

Kuna ushauri unaozunguka sana mitaani: "Mzoeshe tangu mdogo. Akiwa anakula, tia mkono kwenye bakuli, mnyang'anye, ajue nani mkubwa." Nia ni njema, mtu anataka mbwa asije kuwa mkali kwenye chakula.

Lakini jiweke mahali pa yule mtoto wa mbwa. Ametoka kwenye sinia la wenzake 6 akiamini kwamba chakula huporwa. Anafika kwako, na siku ya kwanza kabisa chakula kinaporwa kweli. Ulichofanya ni kumwambia: "Ulikuwa sahihi. Ongeza kasi." Na siku ambayo kasi haitatosha, atatumia meno.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, akiwemo Jacquelyn Jacobs, waliwahoji wenye mbwa kwa dodoso na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Kuondoa bakuli wakati mbwa anakula kuliambatana na ukali zaidi wa kulinda chakula. Kuongeza kitu kitamu kwenye bakuli wakati anakula kuliambatana na ukali mdogo zaidi. Hapa pia ni uhusiano: inawezekana wenye mbwa wakali ndio wanaonyang'anya zaidi. Ila mwelekeo wake unafanana na kile kinachojulikana kuhusu ujifunzaji kwa jumla.

Hili si suala la adabu ya mbwa tu. Anayepita karibu na bakuli mara nyingi ni mtoto mdogo, na uso wake uko kwenye kimo cha mdomo wa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 40 kati ya kila 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa wako achanjwe, hilo halina mjadala. Na mtu yeyote aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kinga iliyo rahisi kuliko zote ni mbwa ambaye hajawahi kuwa na sababu ya kuogopa mtu anayekaribia chakula chake.

Mafunzo yenyewe

*Wakiwa bado na mama yao (wiki 3 hadi 8).* Kama wewe ndiye mwenye mama, kazi kubwa iko mikononi mwako. Acha sinia moja. Weka vyombo vingi vidogo, kimoja zaidi ya idadi ya watoto, na uviweke mbalimbali. Anayesukumwa apate pa kwenda. Wapime uzito mara kwa mara kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka alishwe pembeni. Katika umri huu usitumie vyombo vya mafumbo, bado wanajifunza tu kula.

*Gawa chakula cha siku.* Njaa kali huzaa kasi kali. Kuanzia wiki 8 hadi 12, mlo mara 4 kwa siku. Miezi 3 hadi 6, mara 3. Baada ya hapo mara 2. Jumla ya chakula cha siku inabaki ile ile. Saa za kula zisibadilikebadilike, ili mwili wake ujue kwamba chakula kinakuja.

*Tandaza chakula.* Bakuli lenye kina hukusanya chakula mahali pamoja, na hilo ndilo linalomwezesha kujaza mdomo. Kitandaze, na kila tonge litakuwa dogo. Njia za bei rahisi ni hizi:

– Sinia pana. Kama ni ugali, uupake kwa unene wa kidole badala ya kuuacha bonge, na uache upoe kabisa. Atalazimika kuulamba na kuukwangua.

– Sufuria yenye kikombe kizito cha bati kilichopinduliwa katikati. Chakula kinabaki kwenye mfereji unaozunguka. Watu wengine hutumia jiwe. Likiwa dogo linaweza kumezwa, na linaweza kuvunja meno, kwa hiyo kikombe ni bora.

– Trei ya kuokea keki ndogo, au trei ya mayai ya plastiki ngumu. Punje chache kwa kila tundu. Trei ya mayai ya karatasi ataila, usijaribu.

– Sakafu safi au nyasi fupi. Tawanya chakula kikavu umuache anuse. Njia hii inamfaa hasa mbwa anayechoka upesi na uvivu wa kukaa, kwa sababu pua yake inapata kazi. Epuka mahali palipopuliziwa dawa au penye kinyesi cha mbwa wengine.

Anza na njia rahisi, ongeza ugumu kidogo kidogo. Akianza kubweka, kung'ata chombo au kukiacha na kuondoka, umezidisha. Rudi hatua moja. Lengo ni atulie, si akasirike. Na usimwache na chombo anachoweza kukitafuna bila mtu kumwangalia.

*Fundisha "subiri".* Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji, alionyesha kwamba mate na majimaji ya tumbo la mbwa huanza kutoka kabla chakula hakijafika tumboni, na kwamba ishara yoyote inayotangulia chakula inaweza kuamsha mate. Mtoto wako wa mbwa naye amejifunza ishara zake: mlio wa sufuria, kabati kufunguliwa, wewe kumwita kwa sauti ya juu. Kama ishara zote zinaambatana na vurugu, anafika kwenye bakuli moyo ukimwenda mbio.

Basi geuza ishara. Shika bakuli kimya. Anza kulishusha. Akiruka, lipandishe tena, bila kugomba. Akitulia hata kwa sekunde moja, lishushe. Mara za kwanza utapanda na kushuka kama mtu anayechota maji kisimani, lakini siku chache zikipita ataelewa kwamba kinacholeta chakula ni utulivu. Usimsubirishe muda mrefu. Sekunde 2 au 3 zinamtosha mtoto mdogo.

*Mkono uwe wa kuleta.* Anapokula, pita kwa mbali kidogo, dondosha kipande kitamu karibu na bakuli, ondoka. Siku zinazofuata pita karibu zaidi kama mwili wake umelegea. Ukimwona anakakamaa, anainamisha kichwa juu ya chakula au anaongeza kasi ukikaribia, umekwenda haraka mno, rudi nyuma. Watoto wa nyumbani wasifanye zoezi hili bila mtu mzima, na kanuni yao ibaki moja: mbwa anayekula haguswi.

Kama una mbwa zaidi ya mmoja, kila mmoja ale mahali pake, ikiwezekana wasionane. Kumbuka kile kilichoonekana mwaka 1949: kumwona mwenzake tu kunatosha.

Pima mwenyewe

Usiniamini kwa maneno. Hili ni jaribio unaloweza kulifanya kwa siku 8 ukiwa na simu na daftari.

Chagua mlo mmoja wa siku, tuseme wa asubuhi. Siku ya 1 tumia bakuli la kawaida, siku ya 2 sinia, siku ya 3 bakuli, siku ya 4 sinia, hivyo hivyo hadi ya 8. Chakula kiwe kile kile, uzito ule ule, mahali pale pale, saa ile ile. Andika sekunde tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Andika pia kama amekohoa, amekabwa au chakula kimerudi. Mwishoni tafuta wastani wa siku 4 za bakuli na wa siku 4 za sinia, uvilinganishe.

Kwa nini tupokezane siku, tusifanye wiki nzima ya bakuli kisha wiki nzima ya sinia? Kwa sababu mtoto wa mbwa anakua. Ndani ya wiki moja meno yake, ukubwa wake na mazoea yake na nyumba yako vitabadilika, na hutajua kama tofauti imeletwa na sinia au na umri. Kupokezana kunagawa mabadiliko hayo pande zote mbili. Na kwa nini siku 4 kila upande badala ya 1? Kwa sababu siku moja anaweza kuwa amechoka au ameokota kitu uani.

Hakuna idadi ya sekunde ambayo kila mbwa lazima aifikie. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Muda ukiongezeka na kukohoa kukipungua, umefaulu.

Wakati wa kumwona daktari

Kuna mambo ambayo sinia haliyatibu. Chakula kikirudi karibu kila mlo, bila tumbo kukazana na kikiwa na umbo la bomba, umio wake unaweza kuwa na hitilafu. Akila sana lakini uzito hausogei, tafuta sababu. Mbwa aliyekuwa akila taratibu akaanza ghafla kufakamia, au aliyekuwa akifakamia akaacha kula, amebadilika kwa jambo fulani. Na tumbo lililovimba pamoja na kujaribu kutapika bila kutoa kitu ni dharura, usisubiri kukuche.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, kinachohitajika ni uvumilivu wa wiki chache. Mtoto wa mbwa hafakamii ili kukuudhi. Anafuata kanuni iliyomshibisha alipokuwa kwenye sinia la ndugu zake. Kila mlo uliotandazwa, kila sekunde ya kusubiri iliyolipwa, na kila mkono uliokuja na kitu badala ya kuondoka nacho unamfundisha kanuni mpya: chakula kipo, ni chako, na hakuna anayekukimbiza.